Albert Heim, mwalimu aliyesoma milima ya Alpi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanafunzi wengi wa jiografia hulikuta jina la Albert Heim katika sentensi moja ya kitabu, kisha halirudi tena. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi kumhusu. Penye mengi ya kusema nimesema kwa urefu, kwa sababu naamini maisha yake yana jambo ambalo kila anayejifunza sayansi anapaswa kulijua: alichora alichokiona kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba michoro yake mwenyewe ndiyo iliyokuja kumshinda katika hoja.

Kwa ufupi, Albert Heim alikuwa nani?

Ni mwanajiolojia wa Uswisi, mzaliwa wa Zürich. Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1849 na kufariki katika mji huohuo tarehe 31 Agosti 1937, akiwa na miaka 88. Kuanzia 1873 hadi 1911 alifundisha jiolojia katika chuo cha ufundi cha Zürich, ambacho leo kinajulikana duniani kwa herufi ETH. Tangu 1875 alishika pia uprofesa wa somo hilo katika Chuo Kikuu cha Zürich. Kuanzia 1894 hadi 1926 aliongoza Tume ya Jiolojia ya Uswisi, iliyosimamia uchoraji wa ramani za miamba ya nchi nzima.

Alichunguza jinsi milima inavyojikunja, jinsi barafuto zinavyotembea, na jinsi miamba inavyoporomoka na kuua watu. Kama utamkumbuka kwa jambo moja tu, liwe la Glarus, ambalo nalieleza chini.

Aliingiaje kwenye jiolojia?

Kwa mikono, kabla ya vitabu. Akiwa na miaka 16 alifinyanga kielelezo cha kundi la milima ya Tödi: vilele, mabonde na miteremko, yote kwa kipimo kilichopunguzwa. Kazi ya kijana huyo ilimfikia Arnold Escher von der Linth, aliyekuwa profesa wa jiolojia wa Zürich na mtu aliyeijua mikoa ya mashariki ya Uswisi kuliko yeyote wakati huo. Escher akamchukua kijana, akawa anakwenda naye milimani.

Kufinyanga mlima si mchezo wa watoto. Huwezi kuufinyanga upande usiouona. Lazima uzunguke, upande, ushuke, upime, urudi tena. Ukimaliza unaufahamu mlima kama fundi seremala anavyofahamu kiti alichokitengeneza. Heim aliendelea na kazi hiyo hata alipokuwa profesa mwenye jina. Kielelezo kikubwa cha mlima Säntis, cha kipimo cha 1:5,000, alichokitengeneza pamoja na Carl Meili, kilikamilika mwaka 1903.

Ni kweli alikuwa profesa akiwa na miaka 24?

Ni kweli. Escher alifariki 1872, na mwaka uliofuata kiti chake pale chuo cha ufundi kikapewa mwanafunzi wake. Siku hizi, kwa umri huo, wengi ndio kwanza wanaandika andiko la shahada ya uzamili. Lakini Heim alikuwa ameshapitia Zürich na Berlin kimasomo, tena alirithi daftari, maswali na mashaka ya mwalimu wake. Kurithi mashaka ndiko kulikomletea kazi kubwa kuliko zote.

Alikuwa mwalimu wa namna gani?

Alifundisha kwa chaki na kwa miguu. Alichora ubaoni kwa kasi na usahihi, na aliwatoa wanafunzi darasani kwenda nao milimani. Mwaka 1894 alichapisha mhadhara wake uitwao *Sehen und Zeichnen*, yaani "Kuona na kuchora". Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu akijaribu kuchora kitu ndipo anagundua kuwa alikuwa hajakiona. Mkono unauliza maswali ambayo jicho lilikuwa limeyaruka: mstari huu unaishia wapi? Tabaka hili linapita juu ya lile au chini yake?

Nashauri kila mwalimu wa jiografia ajaribu jambo hili kabla ya kutoa picha iliyochapwa. Wapeleke wanafunzi kwenye ukingo wa korongo lililo karibu na shule, wape penseli na nusu saa, halafu sikiliza watakachoanza kuulizana.

Kati ya waliojiandikisha kusikiliza mihadhara ya Heim pale Zürich katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alikuwamo Albert Einstein, aliyekuwa anasomea ualimu wa hisabati na fizikia.

"Mkunjo maradufu wa Glarus" ni nini?

Hapa tuvumiliane kidogo, maana ndipo penye kiini.

Kanuni ya kwanza ya jiolojia ni nyepesi: tope na mchanga hutua chini ya maji tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo la chini ndilo kongwe na la juu ndilo jipya. Sasa nenda jimbo la Glarus, mashariki mwa Uswisi. Vilele vya huko vimevikwa mwamba mgumu wa rangi ya zambarau na kijani uitwao Verrucano, wenye umri wa kati ya miaka milioni 250 na 300. Chini yake kuna miamba laini, myeusi-myeusi, iitwayo flishi, yenye umri wa miaka milioni 35 hadi 50 hivi. Mkongwe amekaa juu ya mtoto. Tena mstari unaowatenganisha unaonekana kwa macho kutoka mbali, umenyooka kama uliopigwa kwa rula kwenye kuta za milima.

Escher aliliona jambo hili tangu miaka ya 1840, akalionyesha kwa Roderick Murchison, mwanajiolojia maarufu wa Uingereza, mwaka 1848. Njia fupi ya kulieleza ilikuwa kusema kwamba ganda lote la mwamba wa kale lilisukumwa makumi ya kilomita na kupanda juu ya mwamba mpya. Escher aliiona njia hiyo na ikamtisha. Nani angeamini kwamba milima mizima imetembea? Akachagua maelezo yaliyotaka mwendo mdogo zaidi: mikunjo miwili.

Chukua kanga, itandaze mezani, kisha usukume pindo zote mbili kuelekea katikati. Zitainuka nundu mbili, na ukiendelea kusukuma zitaegemeana, moja ikilalia kusini na nyingine kaskazini, karibu zikutane. Chini ya kila nundu iliyolala, upande wa kanga uliokuwa juu sasa unatazama chini. Hivyo ndivyo Escher alivyoeleza Glarus, na Heim akalichukua wazo la mwalimu wake, akalijenga kwa vipimo na michoro katika kitabu chake kikubwa cha 1878, *Untersuchungen über den Mechanismus der Gebirgsbildung*, majuzuu mawili pamoja na atlasi.

Kitabu hicho cha 1878 kina thamani gani ikiwa wazo lenyewe halikuwa sahihi?

Thamani kubwa mno, na naomba wasomaji wasikipite haraka. Kabla yake wengi walidhani mwamba ukibanwa hauna njia ila kuvunjika. Heim alionyesha kuwa ndani kabisa ya ardhi, chini ya uzito wa kilomita za mawe, mwamba hujikunja na kutiririka polepole bila kupasuka ovyo. Ushahidi wake ulikuwa mdogo wa kushikika kiganjani: visukuku vya belemniti, wanyama wa baharini waliofanana na ngisi, ambao sehemu yao ngumu ina umbo la risasi ndefu. Katika miamba iliyobanwa sana alivikuta vimevutwa, vimekatika vipande-vipande kama muwa uliokatwa, na kila mwanya kati ya kipande na kipande umejaa madini meupe. Kwa kuwa umbo la asili la kisukuku linajulikana, unaweza kupima mwamba uliokibeba umevutwa kiasi gani. Njia hiyo bado inatumika na wanafunzi wa jiolojia.

Nani aligundua kosa lake?

Mfaransa Marcel Bertrand, mwaka 1884. Na hili ndilo linalonigusa kila mara: Bertrand hakuwa amekanyaga Glarus. Alikaa na michoro ya Heim mwenyewe, akaisoma, akaona kwamba ukiondoa mikunjo miwili na kuweka ganda moja lililosukumwa kutoka kusini kwenda kaskazini, kila kitu kinakaa mahali pake kwa urahisi zaidi.

Hebu tafakari. Heim angekuwa mchoraji wa kupindisha kidogo, akainamisha mstari huu na kufupisha ule ili ulingane na nadharia yake, Bertrand asingepata cha kushika. Heim alichora mlima ulivyo. Maelezo yake ya maneno yalisema hivi, michoro yake ikasema vile, na mgeni aliyekuwa mbali akasikiliza michoro.

Heim alikubali kwamba amekosea?

Hakukubali upesi. Alitetea mikunjo yake kwa karibu miaka 20, na uzito wa jina lake ulifanya wengine nao wasite. Lakini ushahidi ulizidi kujikusanya. Hans Schardt alionyesha katika miaka ya 1890 kwamba milima ya mbele ya Alpi, upande wa magharibi, ni maganda yaliyotoka mbali. Maurice Lugeon wa Lausanne akaipanua hoja hiyo katika andiko lake la 1902. Heim akapima tena, akabadilika, na mwaka huohuo akamwandikia Lugeon barua ya wazi kueleza hivyo.

Alikuwa na miaka 53, profesa mashuhuri, na nadharia aliyoiacha ilikuwa pia ya marehemu mwalimu wake. Kuiacha kulimgharimu. Na hakuishia kwenye barua: aliendelea kufanya kazi na nadharia mpya hadi kitabu chake cha uzeeni, *Geologie der Schweiz*, kilichotoka kati ya 1919 na 1922, kikaieleza nchi yake nzima kwa msingi wa maganda yaliyosukumwa. Alipostaafu 1911, kiti chake kilichukuliwa na Hans Schardt, mmoja wa walioonyesha kuwa maelezo ya zamani hayasimami.

Maporomoko ya Elm yalikuwa nini, na Heim alihusikaje?

Elm ni kijiji kilicho mwisho wa bonde, humohumo Glarus. Karne ya 19 shule zilienea Ulaya, na kila mtoto akahitaji sleti ya kuandikia, ile waliyoijua pia babu na bibi zetu. Mlima uliokuwa juu ya kijiji ulikuwa na mawe mazuri ya kutengenezea sleti. Wenyeji wakachimba. Walichimba kwa kuingia chini ya mlima, makumi ya mita ndani, wakiacha mwamba mkubwa ukining'inia juu bila kitu cha kuuegemeza.

Mwaka 1881 nyufa zilifunguka juu ya machimbo na zikawa zinapanuka. Mvua ikanyesha. Mawe yakaanza kudondoka. Tarehe 10 Septemba wakaguzi walipanda kuangalia, akiwamo mtaalamu wa misitu. Kazi ikasimamishwa, lakini hawakuona kuwa hatari imefika mlangoni. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 11, jioni, kipande cha kwanza kikaanguka.

Watu walitoka nje kutazama, na wengine wakakimbilia kusaidia walioumia. Baada ya kama robo saa likaja poromoko la pili. Dakika chache baadaye mlima uliobaki ukashuka wote, meta za ujazo zipatazo milioni 10. Walioshuhudia walisema kundi lile la mawe lilipofika sakafu ya machimbo lilirushwa mbele hewani, wakaona kwa chini yake upande wa pili wa bonde. Likagonga mlima uliokuwa mkabala, likageuka, likatiririka kwenye bonde lililo karibu tambarare kwa zaidi ya kilomita moja. Kwa muda wa kama dakika moja tu zaidi ya watu 110 walikufa, na wengi wao miili yao haikupatikana.

Heim alifika, akapima, akachora, na akakaa na manusura kusikiliza kila mmoja alisimama wapi na aliona nini. Pamoja na Ernst Buss, mchungaji wa Glarus, alitoa ripoti mwaka huohuo. Ripoti hiyo inasomwa mpaka leo kwa sababu ya usikivu wake: maneno ya mkulima aliyekimbia yamepewa uzito sawa na kipimo cha chombo.

Alijifunza nini pale Elm?

Kwamba poromoko kubwa la mawe makavu linaweza kutiririka kama kimiminika ingawa halina maji ya kutosha kulitiririsha. Heim alilieleza kwa mgongano: kila jiwe linalisukuma lililo mbele yake, nguvu inahamishwa kutoka jiwe hadi jiwe, na kundi zima linakwenda mbali kuliko jiwe moja lingeweza kwenda peke yake. Nusu karne baadaye, 1932, akiwa na miaka 83, alikusanya uzoefu wake wote katika kitabu *Bergsturz und Menschenleben*, yaani "Maporomoko ya milima na maisha ya watu".

Humo kuna kipimo ambacho wahandisi wanakitumia hadi sasa. Chora mstari ulionyooka kutoka ukingo wa juu kabisa ambako mwamba ulimeguka hadi ncha ya mbali ambako mawe yalisimama. Pima pembe ya mstari huo na ardhi tambarare. Kadiri poromoko linavyokuwa kubwa, ndivyo pembe inavyokuwa ndogo, maana yake mawe yanafika mbali zaidi. Anayepanga wapi nyumba zijengwe chini ya mlima wenye nyufa ana pa kuanzia. Miaka ya 1970 Kenneth Hsü, naye profesa wa Zürich, aliyafufua mawazo ya Heim kuhusu Elm wakati ambapo wengine walidai mawe yalielea juu ya tabaka la hewa, kama juu ya godoro.

Je, yaliyotokea Hanang ni kama ya Elm?

Swali hili naulizwa na wasomaji wa Tanzania, na ni la haki. Tarehe 3 Desemba 2023 yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh yalikuwa tope, mawe na magogo yaliyobebwa na maji baada ya mvua kubwa. Elm lilikuwa poromoko la mwamba, na mkono wa binadamu ulikata mguu wa mlima. Kwa hiyo namna ya mwendo ni tofauti. Kinachofanana ni njia ya uchunguzi: pima mahali palipomeguka, fuata alama za mapito, na wasikilize walionusurika mapema kabla kumbukumbu hazijachanganyika.

Kuna habari kwamba alianguka mlimani akanusurika. Ni kweli?

Ni kweli, na yeye mwenyewe aliiandika. Ilikuwa 1871, mlima Säntis, akiwa na miaka kama 22. Walikuwa wanashuka kwenye theluji yenye mteremko mkali. Upepo ukamvua kofia. Badala ya kuiacha iende, akanyoosha mkono kuidaka. Akateleza, akapita kwenye mawe, kisha akawa hewani, akianguka karibu mita 20 hadi kwenye theluji ya chini.

Alichokumbuka baadaye ndicho cha ajabu. Katika sekunde zile chache alifikiri kwa utaratibu na bila woga. Aliwaza avue miwani, vioo visije vikavunjika na kumuumiza macho. Aliwaza asiiachie fimbo yake. Aliwaza kichupa cha siki kali alichokuwa nacho mfukoni, kwamba akifika chini na akili bado ipo atie matone kadhaa ulimini ili asizimie. Akawaza kwamba mhadhara wake wa kwanza chuoni, uliopangwa siku tano baadaye, hataweza kuutoa. Akawafikiria ndugu zake watakavyopokea habari. Kisha maisha yake yakapita mbele yake kama picha kwenye jukwaa, kukawa na utulivu, na mwisho akasikia kishindo kizito bila maumivu. Alipozinduka hakuwa anajua kwamba alikuwa amepoteza fahamu.

Mtu mwingine angelisimulia tu mezani. Heim alikaa miaka ipatayo 20 akiwauliza wengine walioanguka: wapandaji milima, mafundi wa mapaa, wafanyakazi wa ujenzi, askari. Karibu wote, kama asilimia 95 kwa hesabu yake, walieleza jambo lilelile: hakuna maumivu, hakuna hofu ya kupooza, mawazo yanakwenda kasi na muda unarefuka. Aliyachapisha mwaka 1892 katika kitabu cha mwaka cha Klabu ya Alpi ya Uswisi. Alikuwa na nia ya wazi: kuwafariji waliofiwa, wajue kwamba mpendwa wao huenda hakuteseka dakika zake za mwisho. Mwaka 1972 andiko hilo lilitafsiriwa kwa Kiingereza na watafiti wa magonjwa ya akili, na tangu hapo linatajwa sana katika utafiti wa watu waliokaribia kufa.

Mke wake alikuwa nani?

Dkt. Marie Heim-Vögtlin, na kwa haki anastahili ukurasa wake mwenyewe. Alizaliwa 1845, binti wa mchungaji wa Bözen, jimbo la Aargau. Mwaka 1868 aliingia Chuo Kikuu cha Zürich kusomea udaktari, mwanamke wa kwanza raia wa Uswisi kufanya hivyo. Kabla yake walikuwa wametangulia wanawake kutoka Urusi na Uingereza. Alipata shahada yake 1874, akafungua zahanati Zürich akiwatibu hasa wanawake na watoto. Walioana 1875.

Siku zile mwanamke akiolewa, kazi ilitarajiwa kukoma. Yeye aliendelea, na mumewe alikuwa upande wake. Alizaa, akalea, akatibu, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya wauguzi pamoja na hospitali ya wanawake iliyofunguliwa Zürich mwaka 1901. Alifariki 1916. Karne moja baadaye, 2016, posta ya Uswisi ilitoa stempu yenye sura yake.

Mwanajiolojia na mbwa vinahusianaje?

Heim alipenda mbwa na aliwafuga kwa maarifa yaleyale ya kutazama kwa makini. Mwaka 1908, katika maonyesho ya Langenthal, alikuwa mwamuzi. Mfugaji Franz Schertenleib akamletea mbwa aitwaye Bello, mkubwa, mwenye manyoya mafupi, akidhaniwa ni mbwa wa Bern ambaye manyoya yake hayakurefuka. Heim alimkagua, akatambua ndani yake aina ya zamani ya mbwa wa wachungaji na wachinjaji iliyofikiriwa kuwa imetoweka, akasisitiza itunzwe. Ndiyo inayoitwa leo mbwa mkubwa wa milima ya Uswisi. Jumba la makumbusho la elimu viumbe la Bern lina mkusanyo wa mafuvu ya mbwa ulio chini ya wakfu wenye jina la Albert Heim.

Je, aliruka kwa puto?

Ndiyo, mara moja iliyopata umaarufu. Tarehe 3 Oktoba 1898 alipanda puto liitwalo Wega pamoja na rubani Eduard Spelterini, wakatoka Sion katika bonde la Rhône, wakavuka milima na kutua Ufaransa siku hiyohiyo. Kwa mtu aliyekuwa amefinyanga vielelezo tangu utotoni, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kuona milima halisi kutoka juu, jinsi alivyozoea kuitazama ile ya mezani kwake.

Kuna kiungo chochote kati ya familia hii na Afrika Mashariki?

Kipo, kupitia mtoto. Arnold Heim, aliyezaliwa 1882, naye alikuwa mwanajiolojia, tena msafiri kuliko baba yake. Desemba 1926 rubani Walter Mittelholzer aliondoka Zürich na ndege inayotua majini, iliyopewa jina Switzerland, na Arnold alikuwamo kama mwanasayansi wa msafara. Walifuata Mto Nile hadi maziwa makuu, Victoria, Tanganyika na Nyasa, kisha pwani, na kufika Cape Town Februari 1927. Kwa ndege ya majini maziwa ndiyo yalikuwa viwanja. Mwaka 1936 Arnold aliongoza msafara wa Himalaya pamoja na kijana Augusto Gansser, ambaye baadaye naye alikuwa profesa wa jiolojia Zürich.

Alikosea mahali pengine?

Ndiyo. Handaki la reli la Simplon, lenye urefu wa karibu kilomita 20 na lililofunguliwa 1906, lilichimbwa baada ya wanajiolojia kadhaa, yeye akiwamo, kutabiri hali ya ndani ya mlima. Wachimbaji walikuta mwamba wa joto kuliko ilivyotarajiwa, zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, na maji ya moto. Wakati huo hapakuwa na njia ya kuchungulia ndani ya mlima kabla ya kuutoboa.

Aliheshimiwa vipi?

Mwaka 1904 Jumuiya ya Jiolojia ya London ilimpa Medali ya Wollaston, tuzo yake ya juu kabisa. Kibanda cha wapandaji milima karibu na Furka kinaitwa Albert-Heim-Hütte. Hata mwezini kuna tuta lililopewa jina lake, Dorsum Heim.

Nikifika Uswisi, nianzie wapi?

Shuka kwenye treni Schwanden, jimbo la Glarus, uulize njia ya Lochsite. Utafika kwenye ukuta wa mwamba msituni. Juu ni Verrucano, zambarau na kijani, mgumu. Chini ni flishi nyeusi inayobomoka ukiigusa. Kati yao kuna utepe mwembamba wa mawe ya chokaa uliobanwa na kukandwa kama unga wa chapati, na ndani yake ufa ulionyooka. Unaweza kuweka kidole kwenye ufa huo: juu ya kidole mwamba wa kale, chini ya kidole mwamba mpya, na ule wa juu umetembea zaidi ya kilomita 30 kufika hapo. Escher alisimama hapo, na Heim naye.

Kisha panda basi hadi Elm. Ukitazama juu utaona mstari uleule umekata milima ya Tschingelhörner, na chini yake tundu kwenye mwamba liitwalo Martinsloch. Karibu na tarehe 12 na 13 Machi, na tena 30 Septemba na 1 Oktoba, jua la asubuhi hupita kwenye tundu hilo na kuangaza mnara wa kanisa la Elm. Eneo lote lina hadhi ya urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Beba daftari na penseli.